Wiki Sita Bila Sauti ya Baba

Nyumbani,
Jumatano, alasiri

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, na nataka nikujulie hali sasa hivi, kabla sijakupa sababu ya kutotaka kunijibu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na hizo zamu zenu za kusimama kutwa? Wenzako wa wodini hawajambo? Huku sisi wazima. Baba anakula vizuri, na asubuhi anatoka kitandani hadi kibarazani kwa mkongojo wake bila kushikwa na mtu. Ukimshika anakukodolea macho mpaka umwachie. Shangazi naye yupo. Magoti yanamsumbua, ulimi haujambo kabisa.

Utashangaa kupata barua ya kalamu wakati simu ninayo mfukoni. Mwandiko wangu unaujua tangu shule, ni kama kuku kaparura. Lakini nimeamriwa niandike kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, nisipige simu wala kutuma ujumbe. Ukifika mwisho utajua nimeamriwa na nani. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na usiichane kabla hujaimaliza.

Ni habari ya ile kompyuta ya Baba.

Wewe ulirudi kazini miezi miwili baada ya Baba kupata kiharusi kilichomchukulia sauti, kwa hiyo ile sauti ya kompyuta, Bwana Bati wetu, umeisikia kwenye simu za Jumapili tu. Hujaishi nayo. Acha nikueleze. Yule mtaalamu wa matamshi wa kliniki alipotuwekea ile programu ya kusoma maandishi kwa sauti na ile kibodi ya vitufe vikubwa kama vipande vya sabuni, Baba alikaa siku tatu anajifunza kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Siku ya nne akaandika sentensi yake ya kwanza, na kompyuta ikaisema kwa ile sauti yake kavu isiyopanda wala kushuka: “Chai hii ni ya jana.” Shangazi alilia kwa furaha. Mimi pia nilifurahi, Mungu ni shahidi.

Lakini dada, Baba amekuwa mkalimani wa mahakama miaka thelathini na mmoja. Mtu aliyezoea kusema kutwa, tena maneno ya watu wengine, ukimrudishia sauti yake mwenyewe hanyamazi. Alijiwekea akiba ya sentensi mle ndani, zaidi ya mia nne, ili asipoteze muda kuziandika upya. Nyingi zilikuwa za kunitengeneza mimi. “Umechelewa.” “Funga mlango kama mtu mwenye mikono.” “Shati hilo hukulipiga pasi.” “Nimekuuliza, hujanijibu.” Nikiingia kutoka kazini, kabla sijavua viatu, Bwana Bati ameshaanza. Kule masjala nakaa na mafaili saa nane, hayana neno na mtu. Narudi nyumbani, namwogesha, namvisha, namkata kucha, napika na kufua, na kila hatua ina sentensi yake. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu bila haya hutaelewa nilichofanya, na pengine hata ukiyajua hutaelewa.

Jumamosi moja, wiki sita zilizopita, kompyuta ikaanza kuleta tangazo kwamba mfumo mpya uko tayari, kilichobaki ni kukubali. Tangazo lenyewe lilikuwa linajitokeza katikati ya kioo na kufunika maneno ya Baba. Nikilifunga, baada ya nusu saa limerudi. Baba alikuwa ameshanionya tangu zamani kwamba kitu kinachofanya kazi hakichokonolewi. Siku ile lilipomkatiza mara ya tano akaandika kwa hasira: “Ondoa takataka hii, au na hili limekushinda?”

Hilo neno, “na hili”, ndilo lililonichoma. Nikaichukua kompyuta mezani kwake, nikaenda nayo jikoni, nikabonyeza kukubali. Sikusoma lolote. Sikuuliza kama ile programu ya kliniki itaupenda huo mfumo mpya. Nilibonyeza kama mtu anayebamiza mlango.

Ilichukua saa tatu. Ikazima, ikawaka, ikazima tena, ikawa inahesabu asilimia kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Baba alikuwa kibarazani akigonga mkongojo sakafuni, yaani nimrudishie. Hatimaye ikawaka, kioo kinang’aa, picha mpya ya milima, kila kitu kimehamishwa mahali pake. Nikabonyeza programu ya sauti. Ikaja sentensi moja tu, kwamba programu hii haiendani na mfumo huu. Nikachomeka ile kibodi kubwa, haikutambuliwa. Nikaizima na kuiwasha mara sita. Nikaifuta programu nikidhani nitaiweka upya, kumbe sina pa kuitoa. Shangazi alikuja akasimama mlangoni akaniuliza kuna nini. Nikamwambia imejisasisha yenyewe.

Huo ndio uongo wa kwanza, dada. Mdogo tu. Ulizaa.

Jumatatu niliipeleka kwa Fundi Miwani, yule mama mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi, anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliifungua, akaguna, akaniuliza nani aliyekubali huo mfumo. Nikainama. Akasema mashine ni ya zamani, mfumo mpya umeizidi kimo, ni kama kumvisha mzee viatu vya mwanariadha. Angejaribu kuurudisha mfumo wa awali na kuziokoa zile sentensi. Siku nne, akasema, na zaidi ya hapo haahidi.

Alhamisi jioni akanipigia. Nilipofika aliiweka mezani, akabonyeza kitufe kimoja, na Bwana Bati akasema mbele ya wateja wote: “Funga mlango kama mtu mwenye mikono.” Watu wakacheka. Sentensi zote zilikuwepo, hata moja haikupotea.

Ndiyo, dada. Umesoma vizuri. Alhamisi ile, siku ya sita tu tangu niiharibu, kompyuta ilikuwa imepona.

Nilitoka nayo pale nikiwa na nia ya kwenda nayo nyumbani. Nikapitia ofisini kuchukua mwavuli wangu. Hakukuwa na mtu masjala, na kimya cha mle ndani, ile harufu ya karatasi, sijui nikuelezeje. Nikakumbuka kwamba siku zile zote nilikuwa naingia nyumbani na hakuna anayenisema. Namwogesha Baba kimya, namlisha kimya, na usiku nilikuwa nalala kama niliyepigwa rungu. Nikasema moyoni, leo tu. Nipumzike leo tu, kesho nampelekea. Nikaifungia kwenye droo ya chini ya meza yangu, ile yenye ufunguo, nikaenda nyumbani nikawaambia fundi anasubiri kifaa kutoka mbali.

Kesho ikazaa kesho. Nilikuwa naifungua droo kila asubuhi naitazama, halafu naifunga. Unajua wenyewe wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa inarefuka, na kila siku iliyopita ilinifanya niogope zaidi siku ya kurudi. Ningesema nini? Kwamba kifaa kimefika? Nilikuwa nimeshakitunga kifaa chenyewe mpaka kina jina.

Shangazi alikata kipande cha boksi, akaandika herufi zote kwa kalamu nene, ili Baba awe anaonyesha kwa kidole moja moja. Lakini mkono wake unatetemeka, na macho yanachoka. Akifika neno la tatu jasho linamtoka, anausukuma ubao pembeni. Nilijiambia ubao unatosha. Nilijiambia kimya kinampumzisha hata yeye.

Wiki ya pili Baba aligoma kula. Nikileta uji anageuza uso. Ananionyesha mdomo wake, mimi najibu kwamba chakula ndicho hiki. Siku tatu nilimwona ni mtoto anayedeka, na siku moja nilimwacha na bakuli mezani nikaenda zangu kazini, nimekasirika. Shangazi ndiye aliyemfungua mdomo akakuta fizi imevimba kama yai la njiwa. Ni jino. Sentensi ya “jino linaniuma” ilikuwemo kwenye akiba yake, ingemchukua kitufe kimoja. Ilikuwa ndani ya droo yangu. Jino likang’olewa, Baba akapona, na bado sikuitoa kompyuta. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi si mtu aliyechoka tu. Nilikuwa mtu mwingine ambaye sikumjua.

Sasa nafika kwako.

Wiki ya tatu ulituma ule ujumbe wako mrefu, ukaniomba nimsomee Baba neno kwa neno. Nilimsomea. Kwamba yule mgane, mwalimu wa udereva, ameshakuuliza waziwazi. Kwamba una miaka arobaini na minne na hukutegemea tena jambo hili. Kwamba amekuheshimu, anacheka kwa sauti, na anakungoja nje ya geti zamu ikiisha hata mvua ikinyesha. Lakini hutasema ndiyo mpaka umsikie Baba.  Nilipomaliza, Baba akaomba ubao.

Ilikuwa asubuhi na mimi nilikuwa nimechelewa. Akaonyesha A. Akaonyesha N, G, O, J, E. Nikasoma kwa sauti: “Angoje.” Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea, N, I, M, kidole kikateleza, akaanza tena, N, I. Nikamwambia Baba nimeelewa, nitamwambia angoje, nimechelewa kazini. Akanishika mkono wa shati. Nikajinasua polepole, nikaukunja ubao, nikatoka. Nikiwa njiani nikakuandikia maneno manne: “Baba amesema ungoje kwanza.”

Ulinijibu “sawa”. Sikuuliza hiyo sawa ilikuwa ya namna gani.

Jumapili zote zilizofuata ulipopiga simu uliongea na pumzi ya Baba. Ulisema habari za kazi, za mvua, za jirani yako, na yeye akawa anaguna tu kwenye simu, mimi nimeishika sikioni kwake. Ulidhani anakununia, maana sikuwahi kukuambia kwamba kompyuta haipo mezani kwake. Ningeweza kukuambia hapana. Nilikuwa naogopa kuongea habari yoyote inayogusa sauti ya Baba.

Wakati huohuo mwingine akaubeba mzigo wangu. Shangazi alichoka kungoja, akaenda hadi kwa Fundi Miwani, akasimama katikati ya wateja akamwita tapeli anayewala wagonjwa, mwanamke asiye na huruma aliyemfungia mzee wa watu sauti yake. Nusu ya stendi ilisikia. Yule mama hakumjibu neno. Alinipigia simu mimi, akaniuliza kwa upole kama mashine imeharibika tena. Nikamwambia kuna kutoelewana kidogo, nitayaweka mambo sawa. Sikuyaweka. Nilisikia baadaye kwamba shule moja iliyokuwa imempa kompyuta zake zote ilikwenda kuzichukua.

Halafu Jumapili iliyopita ukapiga, na hukuomba uongee na Baba. Ulisema umeshamwambia yule bwana asije tena getini. Ulisema kwa sauti ileile uliyotumia siku ya mazishi ya Mama ulipokuwa unahesabu sahani za wageni, kavu, ya mtu mwenye kazi. Ukaniambia nisimsumbue Baba, kwamba ulielewa tangu mwanzo mzee akisema ungoje maana yake nini. Kisha ukaniuliza kama dawa zake za presha zimebaki.



Jumatatu nilifungua droo kabla hata sijavua kofia. Nikamwambia mkuu wangu nina mgonjwa, nikaenda nyumbani nimeikumbatia kompyuta kama kifaranga. Baba alikuwa kibarazani. Nikaiweka mbele yake, nikachomeka kibodi, nikawasha.  Nilikuwa nimejiandaa na kifaa changu cha kutunga, na kilifika mpaka kwenye meno. Lakini nilipomwangalia usoni nikajikuta nasema yote, kuanzia jikoni hadi kwenye droo. Nilisema nimesimama, kama washtakiwa aliokuwa akiwatafsiria.

Hakushangaa. Alisogeza vidole vyake viwili, akaandika taratibu, na ile sauti ikatoka: “Nilijua. Siku kumi na moja.”

Kumbe Fundi Miwani alikuwa amekuja nyumbani Alhamisi moja nikiwa kazini na Shangazi akiwa kwa jirani. Hakuja kujitetea kwa ubaya. Alikuja kumwambia mzee kwamba yeye mashine aliikabidhi ikiwa nzima, na kama imeharibika tena ataitengeneza bila malipo, maana hawezi kulala akijua kuna mtu amekosa sauti kwa mikono yake. Baba akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, ishara ya kwamba lisitoke hapa. Akampa mkono wa heri. Na kuanzia siku hiyo akawa ananitazama kila nikiingia mlangoni, mikono mitupu, nikisema kifaa bado.

Nikamuuliza mbona hukuniambia hata kwa ubao. Akaandika: “Nilitaka nione utafika lini mwenyewe.”

Nikangoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili, dada, yangenipunguzia. Badala yake vidole vilitembea tena, taratibu, kitufe kwa kitufe, na Bwana Bati, asiyejua kupandisha wala kushusha sauti, akauliza: “Ulikuwa umechoka kiasi hicho?”

 Nilikaa chini sakafuni, kichwa kwenye goti lake lile lililokufa ganzi, nikalia kama siku za utoto. Sijui alijua kwamba kichwa changu kiko pale. Mkono wake wa kushoto ndio ulionipata.

Nilipotulia nikamweleza habari yako, kwamba umemfukuza yule bwana kwa sababu ya neno nililolikata. Hiyo hakuwa anaijua. Aliniuliza nilikufikishia vipi, nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Aliusoma mara mbili. Kisha akaniandikia nililomkatiza siku ile. Alikuwa ameonyesha “angoje” na alikuwa anaenda kumalizia “nimwambie mwenyewe”. Hakutaka jibu la jambo zito namna ile litoke kwa kidole kinachoteleza juu ya boksi. Alitaka ulisikie kwa sauti.

Mwisho akaandika: “Basi tumemkosea wawili. Wewe uliificha, na mimi nilijua nikakaa kukutega, huku yeye anaungua.” Dada, sijawahi kumsikia Baba akijihesabu katika kosa. Nilimwambia si kosa lake. Akaniambia ninyamaze, na safari hii nilifurahi kuambiwa.

Ndipo akaniamuru nikuandikie. Kwa mkono, akasema, kwa sababu kwa simu nitafupisha tena. Akasema nisijipambe wala nisijitukane kupita kiasi, kwani na huko nako ni kujipamba. Nimeandika siku mbili. Nimemsomea yote mpaka hapa. Amenirudisha mahali pawili, pale nilipoandika kwamba ubao ulikuwa unatosha bila kusema kwamba nilikuwa najidanganya, na pale pa jino, ambapo nilikuwa nimeruka siku niliyomwacha na bakuli.

Jana nilikwenda kwa Fundi Miwani nikiwa na Shangazi. Nilisimama mahali palepale Shangazi aliposimama, nikawaambia waliokuwepo kwamba huyu mama hakuchelewesha kitu, mwongo ni mimi. Shangazi alimwomba radhi kwa sauti ileile aliyomtukania, kwa hiyo nusu ya stendi imesikia na hilo. Leo asubuhi nimeandika barua kwa mkuu wa ile shule. Sijui kama watamrudishia kazi. Fundi Miwani mwenyewe aliniambia tu nimtunze mzee, na nisiguse matangazo nisiyoyaelewa.

Kwako sina neno la kukutosha. Kusema nisamehe naona ni kukuongezea kazi, na wewe kazi unazo. Ukitaka niende mwenyewe kwa yule mwalimu wa udereva nimweleze kwamba hukumkataa wewe, nilimkataa mimi bila kumjua, nitapanda basi siku hiyohiyo. Nipe tu jina la mtaa. Akinifukuza nitakuwa nimestahili. Na usiponijibu kwa muda, nitaelewa. Nitaendelea kukuandikia habari za Baba kila wiki, zote, bila kukata.

Shangazi anakusalimu, anasema alijua tangu zamani kwamba mimi nina kitu. Jirani wa mkono wa kulia anakusalimu pia. Baba hakutumii salamu humu baruani. Nimemwomba anipe jibu lake nikuandikie, amekataa katakata. Anasema maneno yake yamebebwa vya kutosha na mtu asiyeaminika, na kwamba wewe upige simu Jumapili saa nne, atakuwa ameshaoga.

Kwa hiyo nimekatazwa kukuambia alilosema. Sikukatazwa kukuambia kwamba leo mchana ameniamuru nitoe kabatini koti lake jeusi la kuvaa harusini, akataka nilivae mimi kwanza aone mishono, kisha akanituma nilipeleke kwa fundi cherehani likapunguzwe mabega, kwa sababu amekonda, na akasisitiza mara mbili kwamba lisikae huko zaidi ya wiki mbili.

Wako mwenye aibu na mapenzi,
mdogo wako, kitindamimba